Karatasi Tunayochapia na Haki ya Jirani

Kila mwaka unapokaribia kwisha, Halmashauri za Walei katika parokia zetu hukaa kuzungumzia uchapaji: kalenda ya mwaka mpya, kadi za michango, ratiba za ibada na vijitabu kama hiki ulichoshika mkononi. Mazungumzo huwa juu ya bei na uzuri wa picha. Ni nadra mjumbe kusimama na kuuliza: karatasi hii imetoka wapi, na ni nani aliyeumia ili itufikie? Sisi wa Tume ya Haki na Amani tunaona kwamba swali hilo si la mabwana misitu peke yao. Ni swali la haki.

Tunaoishi Mwadui hatuhitaji kufundishwa maana yake. Tarehe 7 Novemba 2022 bwawa la mabaki ya mgodi lilipasuka, na tope likaingia katika mashamba na nyumba za majirani. Almasi husafiri mbali na kupamba vidole vya watu wasiojua hata jina la kijiji chetu. Tope hubaki hapa. Tukinung'unika kwamba wanunuzi wa almasi hawatujali, basi hatuna budi kujiuliza ni nani tunayemjali sisi tunaponunua vitu vilivyotengenezwa kwa wengine.

Karatasi nayo ina tope lake. Katika viwanda vingi vikubwa, miti hukatwakatwa na kupikwa kwa dawa kali ili nyuzi zake ziachane, kisha nyuzi hizo hung'arishwa kwa dawa nyingine mpaka ziwe nyeupe. Kazi hiyo hutumia maji mengi, na maji hayo yasiposafishwa hurudi mtoni na uchafu wake. Mfano uko jirani. Kiwanda cha Pan Paper cha Webuye, magharibi ya Kenya, kilianza kazi mwaka 1974. Kwa miaka mingi wakazi walilalamikia harufu mbaya, moshi ulioozesha mabati ya nyumba zao, na maji machafu yaliyoingia mto Nzoia. Mto huo humwaga maji yake katika Ziwa Victoria, ziwa lile lile linaloleta maji ya bomba Kahama na Shinyanga. Jirani wa Webuye, basi, si mtu wa mbali.

Hata hivyo, uzalishaji uliposimama mwaka 2009, mji uliumia mara ya pili, kwa kuwa watu wengi walipoteza kazi. Kwa hiyo hatusemi viwanda vya karatasi vifungwe. Tunasema mnunuzi aulize, kwani mwenye kiwanda asipoulizwa na yeyote haoni sababu ya kugharimia usafi.

Ipo pia habari ya miti. Katika mkoa wetu wa Shinyanga mapori yalifyekwa ili kumaliza mbung'o na kupata mashamba ya pamba, hata nchi ikaanza kuelekea kuwa jangwa. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, na wananchi wakairudia desturi ya wazee ya kutenga ngitili. Mradi ulipokwisha mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa uoto wake. Watu waliovumilia kazi hiyo hawawezi kununua, pasipo kufikiri, karatasi itokanayo na msitu wa asili uliofyekwa katika nchi ya wengine.

Wako watakaotujibu kwamba kalenda ya karatasi nene inayong'aa ndiyo inayonunuliwa, na kwamba fedha zake ndizo zinazomsaidia katekista. Hoja hiyo ni nzito, wala hatuidharau. Lakini tupige hesabu. Karatasi ya gramu 60 kwa mita ya mraba ni nyepesi kwa robo kuliko ile ya gramu 80. Anayechapa pande zote mbili hutumia nusu ya karatasi. Na nakala zinazolala ofisini hadi Pasaka zimekwisha kulipiwa, bali hazikumfikia mtu. Mara nyingi njia ya kutunza mazingira ndiyo hiyo hiyo njia ya kuweka akiba.

Kwa hiyo tunazipendekezea Halmashauri mambo manne:

(a) Tuhesabu wasomaji kabla ya kuagiza nakala. Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo walete idadi ya kaya, na kila kaya ipate nakala moja.

(b) Tuchape pande zote mbili, kwa karatasi nyepesi kadiri kazi inavyoruhusu.

(c) Tumuulize mchapaji kama anayo karatasi iliyotengenezwa kwa karatasi kuukuu, au yenye alama ya FSC, baraza la kimataifa lililoundwa mwaka 1993 ili kuweka kanuni za utunzaji wa misitu. Alama hiyo haimalizi maswali yote, hasa ya mto, lakini ni mwanzo. Asipokuwa nayo, swali letu halikupotea: akiulizwa na parokia kumi, ataitafuta. Nasi tukubali karatasi isiyo nyeupe sana. Maneno husomeka vile vile.

(d) Tuache kufunika majalada kwa plastiki, kwa maana karatasi ya namna hiyo ni vigumu kusagwa upya. Nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019. Si vema plastiki irudi kanisani kwa mlango wa kalenda.

Katika waraka wake wa Laudato Si' wa mwaka 2015, Papa Fransisko aliona kwamba hata kupunguza matumizi ya karatasi ni tendo lenye heshima yake. Haba na haba hujaza kibaba. Nakala chache za parokia moja hazitausafisha mto, lakini parokia inayodai haki kwa wenye migodi itasikilizwa vizuri zaidi ikiwa nayo imeanza kuitenda katika manunuzi yake madogo. Basi, ndugu msomaji, ukimaliza kijitabu hiki usikitupe. Mpe jirani.