Uchambuzi: Kasi ya miguu pekee haimkamilishi kwotabeki chipukizi

Klabu ya soka ya Kimarekani inapomkabidhi kijana mwenye kasi uongozi wa mashambulizi, swali huwa moja: je, anaweza kutulia nyuma ya walinzi wake, kuwasoma wapinzani na kurusha mpira kwa wakati?

Josh Allen wa Buffalo Bills alijibu swali hilo. Mwaka 2018, msimu wake wa kwanza, alikimbia yadi 631, lakini ni asilimia 52.8 tu ya pasi zake zilizofika. Mwaka 2020 kiwango hicho kilipanda hadi asilimia 69.2.

Allen alirekebisha mtindo wake wa kurusha, lakini hakufika huko peke yake. Klabu ilimwachia mratibu yuleyule wa mashambulizi, Brian Daboll, kwa misimu minne, ikaimarisha safu ya walinzi na kumleta mpokeaji Stefon Diggs. Wala mbio zake hazikupigwa marufuku.

Hali ni tofauti kwa Anthony Richardson, aliyechaguliwa na Indianapolis Colts mwaka 2023. Jeraha la bega lilimruhusu kucheza mechi nne pekee msimu huo. Mwaka 2024 pasi zake zilizofika zilikuwa asilimia 47.7, na mwaka uliofuata nafasi yake ikapewa Daniel Jones.

Hapo ndipo ulipo mtihani wa makocha: utulivu wa kurusha hupatikana kwa kucheza mechi nyingi, ilhali mbio zinazombeba kijana mwanzoni ndizo zinazomweka katika hatari ya kuzikosa.