Yai Lisilosagika Tumboni

Mama na baba wa Mavivi, mtoto akitoa mnyoo mrefu tunasema “ni minyoo tu”, tunaendelea na kazi. Ninaomba tuliache neno hilo.

Wengi tunaamini tumbo lina nguvu ya kumaliza kila uchafu. Kwa nyama na maharagwe, sawa. Lakini yai la mnyoo huyu, ambalo jicho halilioni, lina ganda la tabaka kadhaa, na tabaka la ndani ni la mafuta. Asidi na vimeng’enya vya tumbo havilipenyi. Linafika kwenye utumbo mwembamba likiwa zima, na huko ndiko linakoanguliwa. Mnyoo mchanga hutoboa utumbo, hupita kwenye ini, hufika mapafuni, hupanda hadi kooni, kisha humezwa tena. Akishakomaa utumboni hutoa kemikali zinazozuia vimeng’enya visimsage. Jike mmoja hutaga hata mayai 200,000 kwa siku, na chakula anachokula ni cha mtoto wako.

Mayai hutoka na kinyesi. Hukaa udongoni wiki kadhaa kabla ya kuweza kuambukiza, kisha yanaweza kudumu miaka. Basi vita hivi dhidi ya minyoo havishindwi tumboni. Hushindwa uani kwetu.

Ebola ya 2018 hadi 2020 ilituzoesha kunawa kwa maji ya klorini kila mlangoni. Desturi hiyo tuishike, ila tujue kwamba klorini ile haiui yai hili. Lazima liondolewe: sabuni, maji yanayotiririka, mikono isuguliwe, kucha zikatwe. Sombe, yaani majani ya muhogo, iliyochemka vizuri haina shida. Embe lililookotwa chini na nyanya mbichi ndivyo vya kuoshwa sana.

Kuhusu choo ninasema kwa uchungu. Familia nyingi zimekimbia vita zikapokelewa katika nyumba zetu, na choo cha watu sita sasa kinatumiwa na ishirini. Aliyekimbia hana kosa. Kosa ni letu sote tukimwacha mtoto wake ajisaidie kwenye shamba la kakao kwa kukosa shimo.

Kidonge cha mebendazoli huua minyoo iliyo utumboni, hakigusi mayai yaliyo udongoni. Ndiyo maana mtoto hukirudia kila kampeni ya dawa za minyoo. Wapelekeni huko watoto wote waliotimiza mwaka mmoja, na mwenye mimba amuulize muuguzi kwanza. Na kwenye salongo ijayo, kazi yetu ya pamoja, kabla ya kufyeka barabara, tuchimbe choo kwa jirani asiye nacho. Njooni na majembe.