Akili Iliyobaki kwa Bosi

Mfanyakazi asiyemwamini msimamizi wake ana kazi mbili kwa mshahara mmoja. Ya kwanza imo kwenye barua ya ajira. Ya pili ni kujilinda: kutunza nakala ya kila dokezo, kutafuta nani kamchongea nani, kuulizia leo mkuu kaamkaje. Toleo hili linahusu hiyo ya pili, ambayo hakuna ripoti ya mwaka inayoihesabu.

Mwaka 2002 Kurt Dirks na Donald Ferrin walijumlisha matokeo ya tafiti nyingi, wakaona kuwa imani kwa kiongozi inaambatana sana na kuridhika kazini, ila kwa utendaji wenyewe uhusiano ni mdogo. Wapo wanaoona hapo sababu ya kuipuuza imani. Sikubaliani nao. Miaka mitatu baadaye Roger Mayer na Mark Gavin walionyesha njia ambamo imani hiyo huufikia utendaji: anayeuamini uongozi huweza kuitia kazini akili yake yote, asiyeuamini, sehemu ya akili hubaki ikimchunga bosi.

Na utendaji unaoonekana kwenye takwimu una mitego yake. Amy Edmondson alipochunguza makosa ya dawa katika wodi za hospitali za Marekani, utafiti aliouchapisha mwaka 1996, wodi zenye viongozi wazuri ndizo zilizoonekana na makosa mengi zaidi. Wauguzi wa huko walithubutu kusema. Kwingine makosa yalifichwa, na kosa la dawa likifichwa anayelipa ni mgonjwa.

Tanzania tunalijua jambo hili kupitia OPRAS, mfumo wa wazi wa kupima utendaji kazi, iliyoingia katika utumishi wa umma mwaka 2004. Mtumishi na msimamizi walitakiwa kukaa pamoja, wakubaliane malengo, wayapitie katikati ya mwaka, kisha wapeane alama. Lakini nani ataandika lengo kubwa mbele ya mtu anayehofia kuwa atamkomoa? Ataandika dogo, la uhakika, na atalifikia. Leo fomu ya karatasi imeipisha PEPMIS ya kompyuta. Kompyuta itatunza alama vizuri zaidi. Yale mazungumzo bado ni ya watu wawili.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa idara: mtumishi akileta habari ya kosa, anzeni kwa kuuliza ilikuwaje, kabla ya kuuliza ni nani. Uzembe wa makusudi una taratibu zake za nidhamu, nazo zinaweza kungoja hadi kesho.