MAMBO YA KALE: Nyumba Isiyokuwa na Minyororo

Mwaka 1790, mjane mmoja wa Leeds, katika nchi ya Uingereza, jina lake Hannah Mills, alishikwa na ugonjwa wa akili akapelekwa katika nyumba ya wenye wazimu mjini York. Alikuwa wa madhehebu ya Kikristo ya Marafiki, yale yaliyofika Kaimosi mwaka 1902. Jamaa zake walikaa mbali, nao wakawaomba Marafiki wa York wamtazame. Walipofika mlangoni walikatazwa kuingia. Baada ya wiki chache ikaletwa habari kwamba amekufa.

Nyumba hiyo iliyofunguliwa mwaka 1777 ilikuwa imejengwa kwa sadaka. Kumbe sadaka peke yake haimlindi mgonjwa, ikiwa mlango umefungwa na hapana atazamaye ndani.

Jambo hilo lilimchoma moyo Bwana William Tuke, mfanyabiashara wa chai na kahawa. Mwaka 1792 aliwashauri Marafiki wenzake wajenge nyumba yao wenyewe. Mwanzoni wengi walisita, lakini mchango ulifanywa, shamba likanunuliwa juu ya kilima nje ya mji, na mwaka 1796 nyumba ikafunguliwa. Ikaitwa The Retreat, yaani mahali pa kukimbilia na kupata utulivu.

Ramani yake ilichorwa na John Bevans wa London. Shauri lake lilikuwa hili: mgonjwa anahitaji kulindwa asijidhuru, lakini akiona kila upande alama za gereza, atajiona mfungwa, na ugonjwa utazidi. Kwa hiyo madirisha hayakutiwa nondo. Miimo ya vioo ilifanywa kwa chuma, ikapakwa rangi hata ikaonekana kama ya mbao. Ngozi ilitiwa penye makomeo ili yasitoe mlio. Kuta za ua zilikuwa ndefu, lakini kwa kuwa ardhi iliteremka kutoka nyumbani, mgonjwa aliweza kuona mashamba ng'ambo yake. Uani walifugwa sungura na kuku, ili mgonjwa ajifunze tena kupenda kiumbe kilicho dhaifu kuliko yeye.

Ndani, minyororo ilipigwa marufuku. Wagonjwa walipewa kazi, chakula kizuri na maji ya moto ya kuoga. Tena walialikwa kunywa chai, wamevaa nguo zao nzuri, wakaonyesha adabu kama wageni wengine. Hata hivyo haikuwa peponi. Aliyetaka kujiumiza au kuumiza wengine alifungwa kwa mikanda kwa muda, na jambo hilo halikufichwa.

Mwaka 1813 Samuel Tuke, mjukuu wa mwanzilishi, alitoa kitabu kueleza kazi hiyo. Mwaka 1815 babu yake, aliyekuwa mzee sana, alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge iliyochunguza nyumba za wenye wazimu. Mwaka 1817 Marafiki wa Philadelphia, Marekani, walifungua nyumba ya mfano huo. Kule York, wagonjwa waliendelea kulazwa The Retreat hata mwaka 2018.

Kila jamii ina wagonjwa wa namna hii, na mara nyingi huwaficha chumba cha nyuma. Utu ni kwanza kumfungulia mlango anayetaka kuwatazama.