Kijana anayeyumba apimwe kabla ya kuuzwa

Upo mjadala mmoja ambao wapenzi wa michezo hapa Kisegi hawauchoki. Asubuhi mashua za omena zikisha kurudi, na dagaa hao wakiwa wameanikwa juani, humtosha mtu mmoja kutaja jina la Hasheem Thabeet, na shughuli nyingine zote zikasimama. Swali lenyewe ni hili: je, klabu ya Memphis Grizzlies ya Marekani ilifanya busara kumtoa kijana huyo mnamo Februari 2011, akiwa hajamaliza hata misimu miwili mikononi mwake?

Mtu wa mbali atashangaa kwa nini watu wa kando ya Ziwa Viktoria wagombane juu ya jambo lililotendeka ng'ambo ya bahari miaka mingi iliyopita. Mimi sishangai. Mzazi mwenye kijana mrefu shuleni hawezi kuzisikia habari za Thabeet kama ngano. Anajiuliza kimya kimya iwapo wanaomsifu mwanawe leo watamkumbuka siku atakapopoteza mchezo.

Kwa faida ya msomaji asiyeufuata mchezo huo, nitaeleza kwa muhtasari. Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Alianza mpira wa kikapu akiwa na umri wa miaka kama 15, wakati ambapo vijana wa Marekani wa rika lake walikuwa wamekwisha kuucheza tangu utotoni. Kimo chake cha mita 2.21 kilimfikisha Chuo Kikuu cha Connecticut, na huko akawa ngome. Mwaka 2008 na 2009 alitunukiwa heshima ya mlinzi bora wa ligi ya vyuo ya Big East, na mwaka huo wa 2009 chuo chake kilifika nusu fainali ya taifa. Mwezi Juni Memphis wakamchagua wa pili katika uteuzi wa chipukizi wa ligi ya NBA, nyuma ya Blake Griffin, lakini mbele ya James Harden na Stephen Curry. Hapakuwa na Mtanzania aliyewahi kuikanyaga ligi hiyo kabla yake.

Mambo hayakwenda kama yalivyotarajiwa. Msimu wa kwanza alipata wastani wa pointi 3.1 kwa mchezo. Leo angesimama chini ya kikapu kama ukuta, kesho angechezea watu rafu na kurudishwa benchi mapema. Februari 2010 alipelekwa kwa muda katika timu ya Dakota Wizards ya ligi ndogo ya kukuza vipaji, na hadi siku hiyo hakuna mchezaji aliyeteuliwa katika nafasi ya juu namna hiyo aliyekuwa ameshushwa huko. Mwaka mmoja baadaye safari yake ya Memphis ikakoma. Klabu hiyo iliwapa Houston Rockets wachezaji wawili, Thabeet na DeMarre Carroll, pamoja na haki ya kumteua chipukizi wa mzunguko wa kwanza siku za usoni. Wao wakapokea Ish Smith na Shane Battier, mkongwe wa miaka 32. Kule huita jambo hili kubadilishana wachezaji. Hapa kwetu tunasema tu kwamba aliuzwa.

Kundi la kwanza la wabishi wetu linashikilia kwamba Memphis walikuwa sahihi, na ushahidi wao si haba. Nafasi ya Thabeet ilikuwa imekwisha kushikwa na Marc Gasol na Zach Randolph, nao hawakuwa watu wa kuondolewa kwa ajili ya mwanafunzi. Tena, miezi miwili baada ya mabadilishano, Memphis iliingia katika michezo ya mtoano ikiwa timu ya nane, ikakutana na San Antonio Spurs, vinara wa upande wao. Katika mchezo wa kwanza, zikiwa zimesalia sekunde zisizofika 25, Battier alirusha mpira wa pointi tatu ulioipa timu yake uongozi, na Memphis ikashinda kwa pointi 101 kwa 98. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza wa mtoano katika historia ya klabu hiyo, baada ya kushindwa mara 12. Hatimaye wakawatoa Spurs kwa michezo minne kwa miwili. Wapenzi wa kundi hili humalizia kwa methali: kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi.

Kundi la pili halikubali. Linasema Battier alikaa miezi michache tu kisha akaenda Miami Heat, akachukua ubingwa huko mwaka 2012 na 2013, ilhali Thabeet alikuwa na ujana wote mbele yake. Halafu hutoa mfano ulio karibu zaidi na mioyo ya watu wa hapa, nao ni wa Divock Origi, mwana wa Mike Okoth aliyeichezea Harambee Stars. Huyo naye aliyumba. Liverpool walimwazimisha kwa Wolfsburg ya Ujerumani msimu wa 2017-18, akarudi bila kishindo, na wengi wakamhesabu kuwa mtu wa kuondoka. Lakini tarehe 7 Mei 2019 alifunga mabao mawili Barcelona ilipochapwa manne kwa bila, na tarehe 1 Juni akafunga katika fainali ya klabu bingwa Ulaya dhidi ya Tottenham. Je, huulizwa, kama Liverpool wangemuuza kwa pupa, nani angeyafunga mabao yale?

Nimezisikiliza pande zote mbili kwa muda mrefu, na kwa maoni yangu zote zinakosea mahali pamoja. Zinalitumia neno kuyumba kana kwamba lina maana moja. Origi alilelewa katika shule ya soka ya Genk tangu akiwa mtoto mdogo. Alipokuwa hang'ari Liverpool, hakukosa ujuzi. Alikosa nafasi, kwa kuwa mbele yake walikuwapo washambuliaji watatu mashuhuri. Mtu wa namna hiyo akihifadhiwa, siku nafasi ikipatikana ujuzi wake huonekana. Thabeet alikuwa na tatizo jingine kabisa. Alikuwa bado anajifunza mambo ambayo wapinzani wake walijifunza wakiwa na miaka minane: kuudaka mpira katikati ya msongamano, kusogeza miguu na kusoma nia ya adui. Kumweka benchi hakungemfunza mambo hayo. Alihitaji mwalimu na miaka.

Tazama habari za marehemu Dikembe Mutombo wa Kongo, ambaye Thabeet alifananishwa naye mara nyingi. Yeye pia alichelewa kuuanza mchezo. Lakini alikaa Chuo Kikuu cha Georgetown hadi alipoteuliwa na Denver mwaka 1991, akiwa na miaka 25. Aliingia katika ligi akiwa mtu mzima aliyekwisha kufundishwa. Thabeet aliteuliwa akiwa na miaka 22, akabebeshwa mzigo wa kuwa wa pili kati ya chipukizi wote.

Hivyo basi, hukumu yangu ni hii. Memphis walifanya busara kumwachilia mwaka 2011, maadam hawakuwa na muda wa kumfunza. Kosa lao halikuwa Februari ile. Lilikuwa Juni 2009, walipochukua mche wakitaka matunda ya msimu uleule. Na mabadilishano yenyewe, japo yaliifaa klabu, hayakumfaa kijana. Houston nao hawakumtafutia mafunzo. Walimchezesha michezo isiyofika kumi, kisha Machi 2012 wakampeleka Portland. Oklahoma City walimpa nafasi ndogo kwa misimu miwili, na huo ukawa mwisho wake katika ligi hiyo. Baadaye alicheza Japani na Taiwan. Mtu aliyeitafuta riziki yake hadi huko sithubutu kumwita mvivu, kama wanavyofanya baadhi ya wabishi wetu.

Lipo jambo moja zaidi ambalo mjadala wetu hulisahau kila mara. Katika biashara ile aliondoka pia DeMarre Carroll, chipukizi wa uteuzi uleule wa 2009, ambaye hakuna aliyemlilia. Houston walimwacha baada ya muda mfupi. Akapitia Denver na Utah, akafika Atlanta mwaka 2013, na huko akapata wa kumfunza na wa kumwamini. Msimu wa 2014-15 alikuwa katika kikosi cha kwanza cha timu iliyoshinda michezo 60, kisha Toronto wakampa mkataba wa miaka minne wenye thamani ya takriban dola milioni 60. Watu wamegombana miaka yote juu ya kijana mrefu, kumbe kijana aliyechanua ndiye aliyetiwa ndani ya kapu kama nyongeza. Mambo ya vijana hayatabiriki, na kwa sababu hiyo hasa nasema kwamba alikotumwa mtu ni muhimu kuliko kule alikotolewa.

Haya ninayaandika kwa sababu ya wavulana na wasichana wetu. Kila mwaka, michezo ya shule za sekondari inapokaribia, utasikia kwamba kijana fulani wa sekondari amehamishwa kwenda shule yenye jina, kwa ahadi ya karo na sare. Mwaka wa kwanza anasifiwa. Mwaka wa pili akiumia goti au akipoteza mchezo mkubwa, ahadi hupungua. Thabeet alikuwa na mkataba ulioandikwa, na mshahara wake ulilipwa hata alipokuwa benchi. Mtoto wa mvuvi hana karatasi yoyote. Akiachwa, hurudi nyumbani na madeni ya karo, na pengine harudi darasani tena.

Sisemi wazazi wawakatalie walimu wanaokuja kutafuta vipaji. Kipaji kisipotafutwa hufia ufukweni. Nasema wasiwakabidhi watoto kabla ya kuuliza maswali matatu na kupata majibu yaliyoandikwa. La kwanza, nani atamfundisha mchezo huu, naye atakuwapo kwa miaka mingapi? La pili, karo italipwa na nani asipochezeshwa? La tatu, akihamishwa tena, nani atahakikisha kwamba anafanya mtihani wake wa mwisho wa sekondari? Mwalimu mwenye nia njema hataona taabu kuyajibu. Atakayeyakasirikia amekwisha kuyajibu.

Nanyi wapenzi wenzangu wa michezo, endeleeni na ubishi wenu, kwani ni haki yenu na ni burudani ya bure. Lakini kijana wa jirani akipoteza mpira jioni ya leo uwanjani, kabla hamjapiga kelele atolewe, kwanza jiulizeni kama yupo mtu aliyekwisha kumfundisha kuudaka.