KAMBA YA TANGA SI KAMBA YA KUANIKIA NGUO!

Leo tuache kidogo habari za kumbi za starehe na viatu vipya. Tunashuka Msasani, kule ghubani kwenye boti za matanga za kizungu, maana kuna mshiko kule na vijana wengi wa mtaani kwetu hawana habari nao. Mimi mwenyewe kalamu hii hainilipii kodi ya chumba, kwa hiyo siku mbili tatu za wiki napiga deiwaka ya kuosha boti na kurekebisha kamba. Na ndani ya kazi hiyo sijaona kitu kinachogombanisha wenye boti na vibarua kama kamba moja nyembamba tu: kamba ya kukunjia tanga la mbele.

Kwa wale ambao bahari mnaiona Coco Beach tu, ngoja niwaeleze. Mashua zetu tanga linakwenda na foromali, upepo ukizidi unaitua foromali, mchezo umekwisha. Boti nyingi za kizungu tanga la mbele halishushwi. Linajiviringisha kwenye waya wa mbele kama mkeka. Chini ya waya huo kuna kitu kama bobini ya cherehani, ila kubwa. Ukivuta demani tanga likafunguka, bobini inazunguka na kuimeza kamba. Ukitaka kulikunja, unaivuta ile kamba ukiwa umekaa zako nyuma, bobini inazunguka kinyume na tanga linajiviringisha. Huendi omo kulowana.

Raha tupu! Lakini raha yote hiyo imening'inia kwenye kamba moja. Ikikatika usiku kusi ikivuma, tanga zima linafunguka lenyewe na kujipigapiga mpaka lichanike. Na tanga, ndugu yangu, si kanga ya dukani.

Sasa wenye boti wengine wabahili hao! Ana chombo cha maana, halafu anakutuma mitaa ya Kariakoo ukamletee ile kamba ya manila ya plastiki, ya bluu au ya kijani, wanayotumia wavuvi. Kwenye nyavu iko sawa, maana inaelea. Kwenye bobini ni balaa: ngumu, haikubali kulala, na jua likiipiga miezi kadhaa inaanza kutoa vumbi mkononi. Nailoni nayo inavutika kama lastiki. Nzuri kwa nanga, kwa sababu inameza mshtuko wa wimbi. Lakini tanga umelikunja nusu, upepo ukaja, nailoni ikarefuka, tanga likafunguka kidogo bila kukuuliza. Hapana.

Inayotakiwa ni poliesta ya kusukwa mara mbili, yaani ina kiini ndani na ala nje. Hairefuki sana, inavumilia jua na inashikika mkononi. Kwa boti ya meta 10 hivi, unene wa milimita 8 au 10 ndio wenyewe. Ya milimita 6 inaweza kuwa na nguvu za kutosha, ila ivute kwa mkono upepo ukiwa umekasirika, utaniambia vizuri viganja vikishapona.

Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Mkono unataka kamba nene, bobini inataka nyembamba. Tupige hesabu kidogo, na nyie mliokimbia hisabati Kidato cha Pili msijifiche. Chukua tanga ambalo ukingo wake wa chini una meta 5. Likijiviringisha, furushi lake tuseme lina mzingo wa sentimeta 25 kwa wastani. Hiyo ni mizunguko 20. Ongeza 3 ili demani zilizungushe tanga na kulifunga. Ongeza 4 ya akiba, kwa sababu upepo mkali unalikaza furushi, linakuwa jembamba na kudai mizunguko zaidi. Jumla 27. Kamba nene haienei humo! Bobini inajaa tanga likiwa bado halijafunguka lote, au kamba inavimba mpaka inagusa kingo na kukwama.

Mafundi wana dawa yake, na mimi naipenda kupita kiasi. Unaitoa kiini kamba, ila kwa ule upande wa bobini peke yake. Unapiga fundo mbali kidogo na unapotaka kuishia, ili kilichobaki kisiteleze. Unairudisha ala nyuma kama unavyokunja soksi, unakivuta kiini nje na kukikata. Usikikate butu! Unapunguza nyuzi kidogo kidogo mpaka kichongoke kama mkia wa panya, halafu unailainisha ala irudi mahali pake na kushona pale kwa uzi wa matanga. Ala tupu inalala bapa kwenye bobini kama utambi wa jiko la mafuta. Mkononi kamba bado nene.

Tahadhari: kwenye poliesta, ala na kiini wanagawana mzigo. Ukitoa kiini umeondoa karibu nusu ya nguvu, kwa hiyo mwanzo ununue kamba yenye nguvu za kubakiza. Mwenye fedha anachukua yenye kiini cha Dyneema, uzi uliobuniwa Uholanzi, mwepesi hata unaelea majini. Hapo kazi inageuka: kiini ndicho kinachobeba mzigo, kwa hiyo unavua ala upande wa bobini na kuacha kiini. Ila Dyneema inateleza, fundo la kawaida linaweza kuchomoka. Ncha yake ifungwe na mtu anayejua.

Na upime! Kunja tanga lote, pima kutoka bobini mpaka kapi ya mwisho kabla ya kibano. Sehemu uliyoipunguza iishie nyuma ya hapo kama mkono mmoja, maana ikifika kwenye kibano itateleza, na hapo ndipo unapoitegemea.

Julai moja tulikuwa tunarudi kutoka kisiwa cha Mbudya na boti ya mzee mmoja mgeni. Kamba nene, kiini chote ndani. Mzee akaliachia tanga lifunguke puu, bila mtu kuishikilia kamba kidogo nyuma ijipange. Kusi ilipozidi tukavuta. Wapi! Mzunguko mmoja ulikuwa umejibana chini ya wenzake. Tanga haliendi mbele wala nyuma, boti imelala ubavu. Mzee akaikimbilia winchi. Kaka mmoja wa Mafia tuliyekuwa naye akamwambia, "Shikamoo mzee, lakini hiyo winchi iache, utavunja kitu." Akageuza boti upepo ukaja nyuma, tanga kubwa likalikinga la mbele, likalegea. Nikatambaa omo kufungua mkwamo ule. "Dogo, vidole! Tumia bisibisi, usiingize vidole!" Nilimsikiliza, ndiyo maana leo naandika kwa mikono miwili.

Wiki iliyofuata tuliitoa kiini ile kamba, tukaisogeza na kapi ya mbele ili kamba iingie kwenye bobini ikiwa imenyooka, pembe mraba na waya. Ikiingia kwa mshazari inarundikana upande mmoja tu. Mzee sasa anaikunja kwa mkono mmoja, mwingine umeshika kikombe cha chai.

Malipo? Alilipa, tena siku hiyo hiyo. Wiki ijayo, tukijaaliwa, nitawaambia ya yule asiyelipa.