Jina la tovuti si ploti ya kungoja bei ipande

Vijana wa Kakamega, kununua domeni za .co.ke kisha kukaa mkingoja tajiri aje si kazi. Jina hulipiwa kila mwaka. Usipolipa, linamwendea mwingine. Afadhali moja, ulijenge. Msitu tunao: andika njia ya kupanda mlima Buyangu, wapi mbega huonekana, mgeni alale wapi. Weka viungo vya hoteli na maduka yanayotoa kamisheni, na umwambie msomaji waziwazi kwamba unalipwa. Kumbuka pia Sheria ya Fedha ya 2023 inakata asilimia 5 ya mapato hayo.

Halafu, fundi asikuchezee! Kabla hujamlipa, hakikisha domeni imesajiliwa kwa jina na barua pepe yako. Ikiwa kwake, mkikosana atabaki nayo, pamoja na wasomaji wako wote.